Waamuzi Wanaoanzia Kurasa za Mwisho

Medali ya Newbery, inayohesabiwa kuwa tuzo ya kwanza duniani kuanzishwa kwa ajili ya vitabu vya watoto, ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1922, na kitabu kilichoitwaa hakikuwa ngano wala riwaya. Kilikuwa The Story of Mankind cha Hendrik Willem van Loon, historia ya binadamu tangu enzi za kale, iliyoandikwa na kuchorwa na mtu huyohuyo mmoja. Mwanzo huo ungeweza kumfanya mtu adhani kwamba vitabu vya maarifa, yaani vile ambavyo mwandishi habuni watu wala matukio bali hueleza mambo yaliyotokea au yaliyopo, vingegawana heshima sawasawa na hadithi katika miaka iliyofuata. Haikuwa hivyo. Hadithi zilitawala, vitabu vichache vya wasifu vikapenya, na baadhi ya hivyo vilivyopenya vimechakaa vibaya: Daniel Boone cha James Daugherty, kilichopewa medali hiyo mwaka 1940, leo hutajwa zaidi kwa namna kilivyowadhalilisha wenyeji wa asili wa Amerika kuliko kwa ufundi wa mwandishi wake. Russell Freedman alipotuzwa mwaka 1988 kwa Lincoln: A Photobiography, wasifu wa Rais Abraham Lincoln uliojengwa juu ya picha za zama zake, miongo kadhaa ilikuwa imepita ambayo kitabu cha maarifa hakikutwaa medali hiyo.

Ukame huo ndio uliozaa tuzo za pekee. Baraza la Kitaifa la Walimu wa Kiingereza la Marekani lilianza kutoa tuzo ya Orbis Pictus mwaka 1990, nayo ikapewa jina la kitabu cha mwanaelimu Johannes Amos Comenius kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani, ambacho michoro yake ilitiwa namba ili mtoto aweze kulinganisha neno na kitu chenyewe. Mwaka 2001 ikafuata Medali ya Robert F. Sibert, inayotolewa na tawi la Chama cha Maktaba cha Marekani linaloshughulikia huduma za watoto, na ambayo huenda kwa kitabu cha maarifa kilichozidi vingine miongoni mwa vile vilivyochapishwa nchini humo kwa Kiingereza katika mwaka uliotangulia, kwa wasomaji wasiozidi umri wa miaka 14. Mwaka 2010 tawi jingine la chama hichohicho, lile linalohudumia vijana, likaanza kutoa tuzo yake kwa vitabu vya wasomaji wa miaka 12 hadi 18.

Kanuni za tuzo hizi zinafanana kwa mengi. Waamuzi wa Sibert, kwa mfano, hutakiwa kupima ubora wa lugha, uzuri na kazi ya picha, mpangilio wa habari, usahihi wake, na vile vitu ambavyo wachapishaji wengi wa vitabu vya watoto huviona kuwa ni mapambo: ramani, mfuatano wa matukio kwa miaka, orodha ya vyanzo, na fahirisi, yaani orodha ya majina na mada pamoja na namba za kurasa zinakopatikana. Mashairi na ngano za jadi haziruhusiwi kushindania medali hiyo. Kitu kimoja katika kanuni hizo kina uzito kuliko vingine, ingawa hakisemwi kwa sauti kubwa, nacho ni kwamba usahihi wa habari ni kiingilio tu. Kitabu chenye makosa hakifai kuingia mlangoni, lakini kitabu kisicho na kosa hata moja bado hakijastahili kitu, kwa sababu orodha ya mambo ya kweli inaweza kukusanywa na mtu yeyote mwenye subira. Kinachotafutwa ni kitabu kinachomwonyesha kijana jinsi mambo hayo yalivyojulikana, nani aliyashuhudia, ushahidi wake una nguvu kiasi gani, na ni wapi ujuzi unakoma. Kwa sababu hiyo msomaji mzoefu wa vitabu vya aina hii, akishika kitabu kipya, hufungua kwanza kurasa za mwisho, kule vinakokaa vyanzo na maelezo ya mwandishi, kabla ya kuvutwa na jalada.

Mgogoro mkubwa zaidi katika uwanja huu umehusu mazungumzo ya kubuni, yaani maneno ambayo mwandishi humtia mtu halisi kinywani ingawa hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto hawezi kuvumilia wasifu usio na majibizano, hivyo waandishi wakawa wanatunga mazungumzo ya marais na wavumbuzi wakiwa wangali wadogo, jikoni kwa mama zao, kana kwamba mtu alikuwa amesimama pembeni akiandika. Jean Fritz, ambaye kitabu chake The Great Little Madison ndicho kilichotwaa tuzo ya kwanza ya Orbis Pictus, alikuwa miongoni mwa waliokataa desturi hiyo, akashikilia kwamba alama za kunukuu ziwekwe pale tu ambapo maneno yamehifadhiwa katika barua, shajara au kumbukumbu nyingine ya wakati ule. Msimamo huo uliwatia hofu baadhi ya watu kwamba vitabu vingekauka. Vitabu vya Fritz mwenyewe, ambavyo vimejaa utani na mambo madogomadogo yaliyochimbuliwa kutoka kwenye nyaraka, ni jibu la kutosha kwa hofu hiyo. Aliyefuata njia hiyo na kuipeleka mbali ni Steve Sheinkin, ambaye kitabu chake Bomb, habari ya mbio za kutengeneza bomu la atomiki na ya majasusi walioiba siri zake, husomeka kwa kasi ya riwaya ya upelelezi. Mwaka 2013 kilitwaa Medali ya Sibert na tuzo ya vijana kwa pamoja, na kurasa zake za mwisho zinaeleza nukuu zake zilikotoka.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni An American Plague cha Jim Murphy, mshindi wa Sibert wa mwaka 2004, kinachosimulia mlipuko wa homa ya manjano uliolikumba jiji la Philadelphia mwaka 1793, wakati jiji hilo lilipokuwa makao makuu ya serikali changa ya Marekani. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 4,000 na 5,000, takriban mtu mmoja katika kila kumi, Rais George Washington akaondoka mjini, na madaktari wakagombana hadharani kuhusu tiba, huku Benjamin Rush, aliyekuwa maarufu kuliko wote, akiwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuharisha zenye zebaki. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ulikuwa ukienezwa na mbu. Murphy anaijua siri hiyo, na msomaji wake huenda anaijua pia, lakini kwa muda mrefu mwandishi humwacha msomaji akae na watu wa mwaka 1793 katika ujinga wao, ili aone jinsi akili nzuri zinavyoweza kufuata njia mbaya kwa sababu ushahidi uliohitajika haujapatikana. Carlos Finlay wa Kuba alimtaja mbu mwaka 1881, na tume ya Walter Reed ikathibitisha mwaka 1900. Mbu mwenyewe, Aedes aegypti, si mgeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani ndiye anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na homa ya manjano ndiyo inayofanya wasafiri wadaiwe ile kadi ya manjano mipakani.

Kilicho bora zaidi katika kitabu hicho ni namna kinavyoshughulikia mashahidi wanaopingana. Rush aliamini, kimakosa, kwamba watu weusi hawashikwi na homa hiyo, akawaomba viongozi wao wausaidie mji, na Absalom Jones na Richard Allen, waanzilishi wa chama cha kusaidiana cha watu weusi huru, wakawapanga wenzao kuuguza wagonjwa na kuzika maiti ambazo jamaa zao walikuwa wamezikimbia. Wengi wa wauguzi hao walikufa. Homa ilipopungua, mchapishaji Mathew Carey akatoa kijitabu kilichouzwa sana, ambamo aliwatuhumu baadhi yao kwa wizi na kwa kutoza pesa nyingi mno, na Jones na Allen wakajibu mwaka 1794 kwa kijitabu chao wenyewe kilichoonyesha hesabu za mapato na matumizi. Mwandishi mvivu angechukua maelezo ya Carey peke yake, kwa kuwa ndiyo yaliyoenea, na asingekuwa ameandika neno lolote lisilopatikana kwenye chanzo cha wakati ule. Murphy anaweka ushahidi wa pande zote mbili mbele ya kijana, tena anaandamanisha orodha yake ya vyanzo na maelezo ya kila kimojawapo. Mtoto wa miaka 12 anayemaliza kitabu hicho anakuwa amejifunza kwamba maandishi ya kale nayo yanaweza kusema uongo, na kwamba aliyechapisha kwanza si lazima awe mkweli.

Waamuzi wa Sibert, ni haki kusema, hawajawaona vijana kuwa watu wa kufichwa mambo. Kitabu kilichoshinda mwaka 2002 kilihusu njaa kuu ya Ireland, cha mwaka 2003 kilikuwa wasifu wa Adolf Hitler, na cha mwaka 2017, March: Book Three, ni kumbukumbu za mwanaharakati na mbunge John Lewis zilizosimuliwa kwa katuni, ambamo kipigo cha polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965 kimechorwa bila kulainishwa. Katika uwanja wa sayansi, mwaka 2007 tuzo ilienda kwa Team Moon cha Catherine Thimmesh, ambacho kiliacha wanaanga watatu waliokwisha kuandikwa mara elfu na kuwaendea watu wapatao 400,000 walioiwezesha safari ya Apollo 11, wakiwamo washonaji wa mavazi ya anga. Kuchagua upande ambao wengine hawakuutazama ni nusu ya kazi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna vitabu kadhaa vya aina hii vinavyomhusu moja kwa moja, ingawa viliandikwa mbali. Sy Montgomery na mpigapicha Nic Bishop, walioshinda Sibert mwaka 2011 kwa Kakapo Rescue, habari ya kasuku asiyeweza kuruka wa New Zealand, walikwenda baadaye Maasai Mara na kutoa The Hyena Scientist mwaka 2018, kinachofuata kazi ya Kay Holekamp, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aliyeanza kuwachunguza fisi madoa wa Mara mwaka 1988. Uchaguzi wa mnyama wenyewe ni wa kijasiri. Fisi wa ngano za Kiafrika ni mlafi na mpumbavu, ndiye aliyepasuka msamba kwa kutaka kufuata njia mbili kwa wakati mmoja kwa sababu ya harufu ya nyama, na picha hiyo imekaa vichwani mwa watoto kwa vizazi. Sayansi inasema mengine kabisa. Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi usiku katika Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, aligundua kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ni windo lao wenyewe, na kwamba bondeni Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akinyang'anya mzoga uliouawa na fisi. Holekamp na wenzake wakaongeza kwamba ukoo wa fisi hutawaliwa na majike, kwamba mtoto hurithi cheo kinachofuata mara baada ya cha mama yake, na kwamba madume wakikua huondoka kwenda kuanzia chini kabisa katika ukoo wa wageni. Hapa ndipo kitabu cha maarifa kinapompa kijana kitu ambacho hadithi haiwezi kumpa: anaona watafiti wakikaa garini tangu kabla ya mapambazuko wakiwatambua wanyama mmoja mmoja kwa madoa yao, anaelewa kwamba ile sentensi fupi kuhusu majike kutawala imegharimu miaka 30, na anaweza kujiuliza ni nini kingine alichoambiwa kuhusu wanyama ambacho hakuna aliyewahi kukipima.

Mfano wa pili unaonyesha ugumu wa kazi ya uamuzi. Baada ya Profesa Wangari Maathai kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, vitabu visivyopungua vinne vya picha kumhusu vilitolewa Marekani kati ya mwaka 2008 na 2010: Wangari's Trees of Peace cha Jeanette Winter, Planting the Trees of Kenya cha Claire Nivola, Mama Miti cha Donna Jo Napoli na mchoraji Kadir Nelson, na Seeds of Change cha Jen Cullerton Johnson, ambacho mchoraji wake, Sonia Lynn Sadler, alipewa mwaka 2011 tuzo ya chipukizi iliyo chini ya Tuzo za Coretta Scott King. Mama Miti ndicho kinachopendeza macho kuliko vyote, kwa kuwa Nelson aliunganisha rangi ya mafuta na vipande vya vitambaa vya maua, lakini masimulizi yake yamekaribia ngano: wanawake wanamjia Wangari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida yake, naye anamtajia kila mmoja mti wa kupanda. Winter anaandika sentensi fupi kwa wasomaji wadogo zaidi, ila hakuficha kipigo wala jela. Johnson anampa Wangari mwanasayansi nafasi kubwa, yule aliyesoma baiolojia Kansas na Pittsburgh akarudi kupata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, miaka sita kabla ya kuanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani. Mwamuzi anayetafuta uzuri peke yake atachagua kitabu kimoja, na anayetafuta kisa kamili cha mwanamke aliyezuia ghorofa la serikali lisijengwe Uhuru Park atachagua kingine. Kwa maoni ya makala haya, kitabu cha Johnson ndicho kinachomheshimu zaidi msomaji mdadisi, kwa sababu kinaeleza alivyopata ujuzi wake, na mti haukupandwa kwa huruma pekee.

Lipo pia swali la nani ahukumu. Nchini Uingereza tuzo ya vitabu vya sayansi kwa vijana inayosimamiwa na Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi, hutumia utaratibu wa hatua mbili: jopo la watu wazima huchuja vitabu na kuandaa orodha fupi, kisha makundi ya wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za nchi husoma na kumchagua mshindi. Utaratibu huo una busara, maana watoto hawana subira na kitabu kinachowafundisha kwa sauti ya mwalimu wa zamu, lakini hawana nafasi ya kukagua iwapo mwandishi amedanganya, na watu wazima wana nafasi hiyo ila husahau upesi kuchoshwa kukoje.

Upande wa Kiswahili hali ni tofauti, na tofauti yenyewe haitokani na ukosefu wa mizizi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa kina kuhusu desturi za Waswahili, na kazi yake ikachapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Tippu Tip alisimulia maisha na safari zake kwa Kiswahili. Na Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Fumba aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kitabu ambacho kimesomwa shuleni na vizazi vya wanafunzi. Lugha ya Shaaban Robert katika kitabu hicho ingeshinda jopo lolote. Hata hivyo lengo lake lilikuwa kutoa funzo, sifa zimejaa, na msomaji wa leo akitaka kujua ni jambo gani lilitoka kinywani mwa Siti na lipi lilitoka kwa mashabiki wake, kitabu hakimsaidii. Huko si kumlaumu mwandishi wa zama zake. Ni kusema kwamba aliyefuata baada yake alipaswa kusogea hatua moja mbele, na waliosogea ni wachache.

Sababu mojawapo ni kwamba hakuna anayewangoja mwishoni mwa njia. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyokabidhiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, zote zimefanya kazi ya maana, lakini zimesimama hasa juu ya riwaya, ushairi na hadithi. Mwandishi anayetumia mwaka mzima kwenye hifadhi za nyaraka za Zanzibar au kambini Serengeti ili aandike kitabu cha kurasa 60 kwa mtoto wa darasa la sita, hupeleka mswada wake kwa mchapishaji anayemuuliza kwanza kama unaendana na muhtasari wa somo. Kitabu cha ziada kinachoandikwa kwa kufuata muhtasari huishia kuwa kiada cha pili, chenye maswali ya kujibu mwishoni mwa kila sura, na mtoto mdadisi huutambua mtego huo kwenye ukurasa wa kwanza.

Waandaaji wa tuzo hizo wanaweza kufungua kundi la vitabu vya maarifa vya vijana bila kungoja fedha mpya wala kamati mpya, na wangefanya vyema wakianza na sharti moja lililo gumu: mswada usiotaja ulikopata habari zake usipokelewe, hata kama umeandikwa kwa Kiswahili kitamu namna gani.